Ankara za Waandishi wa Chicago

Deni la mwandishi ni dogo, na udogo wake ndio ngao ya mdaiwa. Mtu anayedai dola mia chache kwa makala aliyokwisha kuitoa mkononi huona upesi kwamba wakili atamgharimu zaidi ya hizo. Hupeleka ankara yake mara ya pili na ya tatu, kisha hunyamaza; na aghalabu hunyamaza pia kwa kuchelea kwamba mhariri aliyedaiwa kwa ukali hatamwita tena. Yaliyotokea Chicago katika mwaka 2017 na 2018 yastahili kukumbukwa katika historia ya kazi ya kalamu, kwa kuwa huko wadai wadogo waliungana wakawa mdai mmoja.

Gazeti lililodaiwa lilikuwa Ebony. Mwanzilishi wake, John H. Johnson, aliingia katika uchapishaji mwaka 1942 kwa mkopo wa dola 500, rehani ikiwa ni samani za mama yake, akaanzisha Negro Digest. Ebony likafuata mwaka 1945. Kwa miaka mingi lilikuwa kioo cha maisha ya Wamarekani Weusi. Lerone Bennett, aliyeandika humo historia ya watu wake, alikuwa mhariri na mtu wa mshahara. Waliokuja kulidai baadaye walikuwa waandishi wa kujitegemea, walipwao kwa kila kazi. Kuandika katika gazeti kama hilo ni heshima, nayo heshima ni sarafu ambayo wachapishaji wa kila nchi hupenda sana kulipia.

Mwaka 2016 Ebony liliuzwa kwa kampuni ya Texas. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata waandishi walianza kutangaza madai yao hadharani katika mtandao wa Twitter, chini ya maneno #EbonyOwes, yaani Ebony ladaiwa. Aliyedhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyesahauliwa akawaona wenzake. Nadhani hilo ndilo lililokuwa tendo kubwa kuliko yote yaliyofuata: aibu ya kutolipwa, ambayo kila mmoja aliibeba faraghani, ilirudishwa kwa mwenye nayo.

Kelele, hata hivyo, si malipo. Mwezi wa Septemba chama cha waandishi, National Writers Union, kilikwenda mahakamani katika wilaya ya Cook kwa niaba ya watu karibu 40, kikidai zaidi ya dola 70,000. Kigawe kiasi hicho kwa idadi ya wadai, nawe utaona kwamba fungu la mtu mmoja lisingetosha kumwamsha wakili kitandani. Mwezi wa Februari 2018 ilipatikana suluhu: kama dola 80,000 zilipwe kwa mafungu kabla ya mwaka kwisha. Mafungu ya kwanza yalitoka. Kisha malipo yakakwama, na chama kikalazimika kurudi mahakamani. Kukopa harusi, kulipa matanga, husema wazee, lakini katika kisa hiki matanga yalikuwa ya mkopeshaji.

Gazeti lenyewe lilifikishwa katika mufilisi mwaka 2020, likanunuliwa na Junior Bridgeman, aliyepata kuwa mcheza mpira wa kikapu, kwa dola milioni 14.

Sheria ilikuja nyuma ya matukio. Mji wa New York ulikuwa na yake tangu Mei 2017, ila haikuwafaa watu wa Chicago. Jimbo la Illinois lilianza kutumia sheria yake tarehe 1 Julai 2024. Kazi ya kujitegemea ya dola 500 au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi. Malipo yatolewe katika siku 30 baada ya kazi kwisha. Na mwajiri asiyelipa aweza kuamriwa kulipa mara mbili. Sharti hili la mwisho ndilo lenye meno, maana labadilisha hesabu ya wakili na ya mdaiwa pia. Lakini sheria hiyo yahusu mikataba iliyofungwa tangu siku ilipoanza, wala hairudi nyuma kuzifikia ankara za 2017.