Utamu wa Sauti ya Valvu

Aprili 1947 jarida la Wireless World la Uingereza lilianza kuchapa maelezo ya amplifaya iliyobuniwa na D.T.N. Williamson. Ilitumia valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) za KT66 na ilitoa wati 15 tu, lakini upotoshaji wake wa sauti haukufika asilimia 0.1. Mafundi wa nyumbani waliichangamkia. Kuanzia Uingereza hadi Marekani na Australia, watu walisaka vipuri, wakasukisha transfoma na kuunganisha waya wenyewe, kwa sababu redio za kawaida za dukani hazikuweza kushindana nayo.

Habari hiyo inafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba utamu wa valvu unatokana na upotoshaji wake. Mabingwa wa valvu hawakuupenda upotoshaji hata kidogo. Walipigana nao usiku na mchana. Harold Leak aliingia sokoni mwaka 1945 na amplifaya aliyoiita Point One, yaani sehemu moja ya kumi ya asilimia, na jina hilo ndilo lililokuwa tangazo lake.

Silaha yao kuu ilitoka Marekani. Agosti 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, alikuwa ndani ya kivuko cha mto Hudson akienda kazini alipopata wazo, akalichora papo hapo juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Shida yake ilikuwa simu za masafa marefu: kila amplifaya njiani ilitia dosari zake kwenye sauti, na dosari zilizidi kurundikana. Dawa yake ilikuwa kuchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, kuigeuza na kuirudisha mwanzoni, ili amplifaya ijisahihishe yenyewe. Mrejesho huo ndio Williamson alioutumia kwa wingi, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu transfoma yake ya kupeleka sauti kwenye spika ilikuwa bora sana.

Upotoshaji wenyewe ni kitu gani? Mpiga zeze akitoa sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde, amplifaya inaongeza kidogo sauti za 880, 1320, 1760 na kuendelea, kwa kiasi ambacho hakikuwamo kwenye muziki. Ile ya 880 ni oktavu ya sauti ya kwanza. Inakaa nayo vizuri, na sikio huweza kuipokea kama unene wa sauti tu. Ile ya 3080, ambayo ni mara saba, haipatani na muziki. Ikizidi kidogo, sauti inakwaruza. Kwa hiyo asilimia moja ya upotoshaji wa aina moja si sawa na asilimia moja ya aina nyingine. D.E.L. Shorter wa BBC aliliandika jambo hili mwaka 1950, akitaka sauti hizo za juu zipewe uzito mkubwa zaidi katika vipimo. Viwanda viliendelea kuchapa namba moja ya jumla, na hasara ya uamuzi huo ilionekana transista zilipokuja.

Miaka ya 1960 transista ziliziondoa valvu sebuleni. Zilikuwa nyepesi, hazikuchemka, hazikuhitaji transfoma ile nzito na ya ghali. Lakini katika amplifaya nyingi za mwanzo, transista mbili zilipokezana kazi, moja ikisukuma wimbi juu na nyingine chini, na palepale pa kupokezana wimbi lilivunjika. Kosa hilo huzaa zile sauti za juu zinazokera, tena husikika zaidi muziki unapopigwa kwa sauti ya chini. Kijitabu cha kifaa kilitaja kipimo kizuri kilichochukuliwa karibu na nguvu kamili, ilhali mwenye nyumba alisikiliza usiku kwa sauti ya chini. Malalamiko yake yalikuwa ya haki.

Mwaka 1970 William Zane Johnson alianzisha Audio Research huko Minneapolis, na valvu zikarudi kama bidhaa ya fahari. Mwaka 1973 Russell Hamm aliandika kuhusu tofauti ya valvu na transista, makala ambayo mashabiki huitaja mpaka leo. Wengi husahau kwamba yeye alichunguza vifaa vya studio vilivyosukumwa kupita uwezo wake, hali ambayo mtu anayesikiliza taratibu nyumbani haifikii. Nchini Japani wapenzi wa muziki walikwenda mbali zaidi: waliirudia 300B, valvu ya Western Electric ya mwaka 1938, wakaitumia moja tu kwa kila spika, bila mrejesho, kwa wati zisizofika 10. Hapo, kinyume cha Williamson, upotoshaji wa oktavu uliachwa upite.

Je, msikilizaji anasikia nini hasa? Mwaka 1978 James Moir alisimamia majaribio ya kusikiliza bila kujua kifaa kinachopiga, akilinganisha amplifaya ya valvu ya Quad II, iliyotoka 1953, na amplifaya mbili za transista za Quad. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha.

Jaribio la mbunifu wa amplifaya Bob Carver la 1985 linafundisha zaidi. Aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile, huko Santa Fe, kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista isikike kama ya valvu watakayoichagua wao. Aliziunganisha zote mbili kwa muziki uleule, kisha akapima tofauti ya sauti zilizotoka. Zikilingana kabisa, kinachobaki ni kimya. Alirekebisha, akasikiliza, akarekebisha tena, mpaka kilichobaki kikawa kidogo mno. Wahariri walikiri kwamba hawakuweza kuzitofautisha.

Jambo moja muhimu alilolishughulikia halikuwa upotoshaji. Amplifaya nyingi za valvu huwa na ukinzani mkubwa kiasi pale zinapounganishwa na spika. Spika iliyoandikwa omu 8 haibaki 8: hupanda na kushuka kadiri sauti inavyokuwa nene au nyembamba, na amplifaya ya namna hiyo hukuza sauti zaidi pale ukinzani wa spika unapopanda. Sehemu kubwa ya ule unaoitwa uvuguvugu wa valvu inatoka hapo, na ndiyo maana amplifaya moja husifiwa katika nyumba moja na kudharauliwa katika nyingine yenye spika tofauti.

Carver aliuza kazi hiyo kwa jina la M-1.0t. Baadaye akajenga Silver Seven, amplifaya kubwa ya valvu, kisha akatoa ya transista iliyorekebishwa ifanane nayo, na mnunuzi akachagua mwenyewe.