Pampu ya Moyo na Ubongo wa Mtoto

Upandikizaji wa moyo, yaani kuutoa moyo ulioshindwa kazi na kuweka mahali pake moyo wa mtu aliyefariki, ulianzia Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, na siku tatu baadaye daktari Adrian Kantrowitz aliujaribu mjini Brooklyn kwa mtoto mchanga, ambaye aliishi saa chache tu. Tatizo kubwa la miaka hiyo lilikuwa mwili kuukataa moyo wa kigeni, hadi Marekani ilipoidhinisha saiklosporini mwaka 1983, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Na mwaka 1985 Leonard Bailey wa Loma Linda, California, akafanikiwa kumpandikiza mtoto mchanga moyo wa mwanadamu mwenzake. Hata hivyo, kwa kuwa moyo sharti ulingane na umbo la anayeupokea, mioyo midogo ilikuwa adimu, na watoto wengi walifariki wakiingoja.

Haja ya kuwavusha watoto hao ndiyo iliyozaa pampu ya watoto ya Berlin, Ujerumani. Mwaka 1990 timu ya daktari Roland Hetzer mjini humo ilimtegemeza mvulana wa miaka 8 kwa pampu ya moyo hadi alipopandikizwa, na muda mfupi baadaye zikaundwa pampu za vipimo vya watoto, ambazo ndogo zaidi kati yake husukuma mililita 10 tu za damu kwa pigo moja. Pampu hiyo hukaa nje ya mwili, ikiunganishwa na moyo kwa mirija ipitayo tumboni, na hewa yenye shinikizo huusukuma utando uliomo ndani yake ili damu iingie na kutoka kupitia valvu.

Damu, hata hivyo, huelekea kuganda igusapo kitu kisicho cha mwili, hasa mahali inapopita polepole. Bonge likimeguka na kusafiri hadi kichwani, huziba mshipa na kusababisha kiharusi, yaani sehemu ya ubongo kufa kwa kukosa damu. Ndiyo sababu chumba cha pampu kilitengenezwa kiwe angavu, ili wauguzi wakimulike kwa tochi na kuyatafuta mabonge. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo zina hatari yake, kwa maana zikizidi, damu huweza kuvuja ndani ya ubongo, na hicho pia ni kiharusi. Kwa watoto wachanga kipimo ni kigumu zaidi, kwani heparini, mojawapo ya dawa hizo, hufanya kazi kwa msaada wa protini ya antitrombini, ambayo miili yao huwa nayo kwa kiasi kidogo.

Ukubwa wa hatari hiyo ulidhihirika Amerika Kaskazini, ambako watoto 204 waliowekewa pampu hiyo kati ya 2007 na 2010 walifuatiliwa. Baada ya miezi 12, asilimia 75 walikuwa wamenusurika, wengi wao wakiwa wamekwisha kupandikizwa; lakini asilimia 29 walipata madhara ya ubongo, ambayo ndiyo yaliyoongoza kwa kusababisha vifo. Marekani iliiidhinisha pampu hiyo Desemba 2011, kwa kuwa watoto hao hawakuwa na njia nyingine iliyo bora.

Tangu hapo juhudi zimeelekezwa kwenye kuulinda ubongo. Hospitali nyingi zimeingiza bivalirudini, dawa inayozuia kuganda bila kuitegemea antitrombini, na mtandao wa hospitali uitwao ACTION, ulioanzishwa mwaka 2017, umeweka taratibu za pamoja za kusimamia dawa hizo, kudhibiti shinikizo la damu na kuhakikisha kwamba wahudumu wanapashana habari, nacho kiwango cha kiharusi kimeshuka. Historia hii inathibitisha kwamba kumfikisha mtoto kwenye moyo mpya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, isiyopaswa kuhesabiwa kuwa ndogo, ni kumfikisha akiwa na ubongo mzima wa kuyaishi maisha aliyookolewa ili ayaishi.