Ritifaa ya Ng'ombe: Historia Fupi ya Majina ya Jumla ya Vikoa

Katika Hulugho, kusini-mashariki mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, mifugo ndiyo mali. Kisomali huita ng'ombe *lo'*. Maneno haya mawili hayana asili moja, lakini yanafanana kwa jambo moja la kiothografia: yote huandikwa kwa ritifaa. Kwa sababu hiyo, hakuna hata moja linaloweza kuandikwa kwa ukamilifu katika jina la kawaida la kikoa cha intaneti.

Chanzo cha kizuizi hiki ni cha kihistoria. Katika miaka ya 1970, kompyuta chache za mtandao wa utafiti wa Marekani ziliorodheshwa katika jedwali moja, na majina yake yakatakiwa kuwa na herufi za Kiingereza, tarakimu na kistari tu. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa vikoa ili kuliondoa jedwali hilo. Kanuni ya herufi, hata hivyo, ilirithiwa. Mwaka 1984 Jon Postel na Joyce Reynolds walieleza majina ya jumla, yaani yale yanayotambulisha kazi ya mwenye jina wala si nchi yake: *com*, *edu*, *gov*, *mil* na *org*. Yote ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza.

Kenya ilipopewa *ke* mwaka 1993, mgawanyo huo wa kikazi ulihamia ndani ya kikoa cha nchi: *co* kwa biashara, *ac* kwa vyuo, *go* kwa serikali. Hivyo hata anwani ya serikali ya kaunti, *garissa.go.ke*, hubeba kipande cha Kiingereza katikati ya jina la Garissa na alama ya taifa.

Isidhaniwe kwamba ritifaa ni pambo. Katika *ng'ombe* hutenga sauti moja ya pua na mfuatano wa sauti mbili. Katika *lo'* huwakilisha hamza, ambayo ni konsonanti kamili. Somalia ilipochagua hati ya Kilatini mwaka 1972, ilitumia herufi zilizomo katika taipureta ya kawaida. Kwa hiyo karibu msamiati wote wa Kisomali huingia katika vikoa bila shida, isipokuwa pale penye hamza.

Tangu mwaka 2010 hati nyingine, kama Kiarabu, zimeingia katika ngazi ya juu ya vikoa. Mwaka 2017, baada ya mashindano marefu yaliyofika mahakamani Marekani, bara lilipata jina lake la jumla: *africa*. Limeandikwa kwa *c*. Kiswahili na Kisomali huandika *Afrika*. Na katika othografia ya Kisomali *c* ni sauti ya ayn. Msomaji wa Hulugho akilifuata jina hilo kwa kanuni za lugha yake, hatapata jina la bara lake. Bara limepata jina, lakini tahajia yake haikutoka katika lugha hizo mbili.