Kabla ya Bando Kulikuwa na Posta

Kijana wa Kedowa, Kipkelion Mashariki, katika Kaunti ya Kericho, akiwa na simu na bando leo anaweza kumsikiliza profesa wa Marekani akifundisha juu ya malaria au mabadiliko ya jamii, bila kulipa karo. Wengi hudhani simu ndiyo iliyoleta jambo hili. Lakini katika nchi hii ya majani chai, elimu ya chuo kikuu kutoka mbali ilitangulia kuja kwa posta.

Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyezaliwa mwaka 1925, alifaulu mtihani wa London mwaka 1948 kama mtahiniwa wa kujisomea. Mwaka 1956 alipata shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kilichofundisha kwa barua. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Elimu.

Mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha masomo ya posta pale Kikuyu. Walengwa wakuu walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kujiendeleza. Vitabu vilisafiri kwa posta, vipindi vikasikika katika redio ya Sauti ya Kenya, na kazi ya mwanafunzi ilirudishwa ikiwa imesahihishwa. Kwangu mimi, hapo ndipo palipokuwa na uzito wa mpango ule: mwalimu kijijini alijua kwamba kuna mtu anayeisoma kazi yake.

Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika mwaka 1997, mihadhara ikirushwa kwa setilaiti. Makao yake yalihamia Nairobi mwaka 2002, ila mwanafunzi alilazimika kufika chuoni kuitazama. Kabla ya kuhamia huko, Aprili 2001, chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba masomo yake yatawekwa kwenye intaneti bure kwa ulimwengu mzima.

Ulimwengu mzima, lakini si Kedowa. Intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, hadi nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa mwaka 2009. Kwa miaka kadhaa somo la bure lilikuwepo, na njia ya kulifikia ikawashinda watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 2012 yakaja majukwaa ya masomo ya mtandaoni, Coursera na edX. Baadhi ya masomo husikilizwa bure, cheti hulipiwa.

Hata hivyo video haisahihishi kazi ya mtu. Shirika la afya la Amref lililijua hilo lilipoanza mwaka 2005 kuwaendeleza wauguzi wa Kenya kwa kompyuta: masomo yalikwenda pamoja na walimu na mazoezi hospitalini. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati ya kuanzishwa mwaka 2023, makao yake Konza, nacho hutoza karo. Kaunti ya Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga. Wahadhiri wake wangeweza kukutana na vijana wa Kedowa Jumamosi moja kwa mwezi, katika darasa lolote la shule lenye umeme, wakasahihisha walichoandika baada ya kusikiliza.