Salongo na Usafi wa Mji wa Kisangani

Ni nani katika wazee wa Mangobo au Kabondo asiyekumbuka salongo? Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliamuru kila mtu mzima afanye kazi ya mji mara moja kwa juma: kufyeka majani, kuzibua mifereji, kufagia njia. Neno lenyewe ni la Kilingala, lahusu kazi. Aliyekosa aliadhibiwa.

Nia yake hatuilaumu. Mji wetu, ulioitwa Stanleyville mpaka 1966, uko karibu na ikweta. Mvua yanyesha miezi yote, na palseli ikiachwa majuma machache yageuka pori. Lakini watu walikuwa na kumbukumbu nyingine. Wakati wa Wabelgiji sheria iliwalazimisha wanavijiji kulima pamba, mpunga na mazao mengine, hata siku 60 kwa mwaka. Sasa jembe lililetwa tena kwa amri, safari hii na serikali yao wenyewe! Si ajabu wengi walifyeka mkubwa akiwapo, wakapumzika alipokwisha kupita. Utawala wa chama kimoja ulipokoma mwaka 1990, salongo nayo ikapoteza nguvu.

Tazameni upande mwingine. Hakuna amri iliyowaagiza akina mama kupanda lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, walakini bustani hizo zapaliliwa vizuri, kwa kuwa mwenye kupalilia ndiye mwenye kula. Mfereji ulio mbele ya nyumba ile ile, ulio wa wote, ndio unaojaa taka.