Sungura na Ploti ya Hamsini kwa Mia

Ukiulizia wanyama wa Kitengela, utaambiwa kuhusu nyumbu na simba. Sawa, wao ndio wakubwa. Lakini sungura wa mwituni anaeleza zaidi yaliyoipata hii ardhi. Nyumbu husimamishwa na waya. Sungura hupita chini yake. Basi yeye akipotea, jua shida si fensi peke yake.

Sungura huyu hachimbi shimo. Mchana hulala kwenye nyasi ndefu, kwenye kibonde kidogo kinachomtosha tu, masikio yamelala mgongoni. Usiku hutoka kutafuta nyasi fupi, changa. Anataka vitu viwili vikae jirani: pa kula na pa kujificha.

Kwenye tambarare za Kaputiei, ng'ombe ndio walikuwa wakimtengenezea vyote viwili. Wamaasai walihama na mifugo wakifuata mvua. Huku nyasi zimeliwa, kule zimepumzishwa. Na wao wenyewe walikuwa wamesukumwa: mikataba ya 1904 na 1911 iliwatoa Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakabanwa kusini. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa wazi, na wanyama wakaendelea kulisha kwenye ardhi ya wafugaji.

Sheria ya 1968 ilileta ranchi za vikundi: ardhi ya wengi, hati moja. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama na kipande chake. Kuanzia 1990 viwanda vya EPZ vikaja Athi River. Watu walifuata kazi, madalali wakafuata watu. Ekari zikakatwa ploti za hamsini kwa mia.

Usidhani kilimo ndicho adui. Huko Ulaya, watafiti wameona kwamba kwenye mashamba madogo yenye mimea mbalimbali, sungura wa huko hutosheka na eneo dogo. Shamba kubwa la zao moja ndilo humlazimisha kutembea mbali. Lakini ploti yetu si shamba. Ni ukuta wa mawe, geti, kabro na mbwa. Nyasi ndefu hakuna, fupi pia hakuna.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke fensi wala kuuza. Pesa hiyo ilisomesha watoto. Lakini ilikuwa inashindana na bei ya ploti, na hesabu hiyo hata wewe unaijua.

Sasa shika Barabara ya Namanga. Pita Isinya, pita Kajiado, endelea hadi Bisil. Mabango ya "ploti zinauzwa" yatakusindikiza. Wanaochanga kwenye chama na sako wanunue huko si wageni kutoka mbali. Ni sisi, na sisi pia tunahitaji pa kulala. Tofauti ni kwamba sungura hakuwahi kuhitaji hati.