Kabla ya kununua pampu mpya ya petroli, pima waya

STATA inazunguka kwa nguvu, taa zinawaka na petroli imo tangini, ilhali injini imekataa kuwaka. Katika barabara ya Mombasa hadi Malindi, yenye urefu wa takriban kilomita 120, hali hii humwacha dereva wa teksi au matatu kando ya njia, abiria wakishuka mmoja mmoja na mapato ya siku yakipotea. Wengi huamua papo hapo kwamba pampu ya mafuta imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Uamuzi huo waweza kuwa hasara tupu.

Katika magari mengi ya petroli yanayotoka Japani, pampu hukaa ndani ya tangi na huendeshwa kwa umeme wa volti 12. Umeme huo hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayoamriwa na kompyuta ya injini, halafu husafiri kwa waya hadi nyuma ya gari. Baada ya kuzungusha mota ya pampu, hurudi kupitia waya wa athi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi. Sehemu yoyote ya njia hiyo ikikatika, pampu hunyamaza ingawa yenyewe ni nzima.

Mwambao wa Kilifi na Malindi una adui wa ziada, nayo ni chumvi. Upepo wa kusi huleta kutoka baharini unyevu uliobeba chembe za chumvi, ambazo hujipenyeza katika viungo vya nyaya. Shaba hugeuka kijani na chuma kilicho chini ya boliti ya athi hushika kutu. Magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au yanayoegeshwa karibu na ufuo, yamo hatarini zaidi.

Madhara yake yanaweza kuhesabiwa. Pampu ikivuta ampea 6, kiungo chenye ukinzani wa nusu ohmu hula volti 3. Pampu iliyostahili volti 12 hubaki na 9. Itanguruma, lakini msukumo wa petroli utapungua, na gari litakosa nguvu likipanda mlima au likiongeza mwendo.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Kwanza ni kusikiliza. Mtu mmoja huzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, na mwingine husikiliza karibu na tangi. Katika magari mengi, pampu hunguruma kwa muda wa sekunde 2 hivi. Hata hivyo, Toyota nyingi za miaka ya 1990 huanza kuendesha pampu wakati stata inapozungushwa, hivyo ukimya wa mwanzo si ushahidi wa ubovu. Aidha, taa ya kinga dhidi ya wizi iangaliwe, kwani mfumo huo waweza kuizuia injini kuwaka.

Pili ni fyuzi. Ikiwa imeungua, iwekwe nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, basi kuna waya uliogusa bodi au pampu iliyokwama. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kualika moto.

Tatu ni rilei. Inaweza kubadilishwa kwa muda na nyingine ya gari hilohilo, kwa mfano ya honi, mradi namba na mpangilio wa miguu yake uwe sawa.

Nne, na hii ndiyo hatua inayorukwa mara kwa mara, ni kupima umeme kwa mita kwenye kiungo cha pampu, ambacho katika magari mengi madogo kiko chini ya kiti cha nyuma. Kiungo kisichomolewe, na pampu iwe imeamriwa kufanya kazi. Sababu ni kwamba waya uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 12 pampu ikiwa haijaunganishwa, kisha huporomoka inapoanza kuvuta umeme.

Ikiwa hakuna volti, hitilafu iko kati ya kiungo hicho na betri. Zikiwa pungufu, mita iwekwe kati ya waya wa athi wa pampu na ncha hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Pampu ihukumiwe tu inapopata umeme kamili, athi ikiwa safi, na bado ikanyamaza. Baadhi ya magari mapya hupunguza volti za pampu kwa makusudi, nayo hupimwa kwa kufuata kitabu cha gari.

Kuna mtego mmoja. Fundi anapochomoa na kuchomeka kiungo ili kufunga pampu mpya, hukwangua kutu bila kujua. Gari huwaka, mwenyewe hulipa na kushukuru. Wiki kadhaa baadaye, chumvi ikirudia kazi yake, gari huzimika tena na pampu ya zamani, pengine iliyokuwa nzima, imeshatupwa.

Tiba ya athi ni kufungua boliti, kusugua chuma hadi king'ae, kukaza na kupaka grisi. Waya uliooza hukatwa na kuungwa upya. Utepe pekee hautoshi, kwa kuwa maji hujificha chini yake.

Usalama hauna mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Sigara, na ile tabia ya kugusanisha nyaya ili kutoa cheche, havina nafasi karibu na tangi. Betri itolewe kabla ya kukata waya wowote, na kizima moto kiwe karibu.

Mita ndogo ya umeme huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya pampu. Dakika chache za kupima zaweza kuokoa pampu, na siku nzima ya kazi.